Kadi Mkononi mwa Nyapara

Tangu wapiga kura walipoandikishwa, Stefania hakutulia. Mchana alianika nyuzi za mkonge kwenye nyaya za kiwanda cha shamba, nje kidogo ya mji wa Korogwe. Jioni alizunguka kambi ya wafanyakazi mlango kwa mlango, akiwahimiza majirani wasikubali siku ya kumchagua rais iwapite. Ulikuwa mwaka 1962. Uhuru ulikwisha kuja, lakini picha ya Malkia ilikuwa bado ukutani katika ofisi ya shamba, meneja alikuwa Mzungu yule yule, na rais hakuwa amepata kuwapo.

Kilichomsukuma hakikuwa siasa hasa. Siku moja sokoni, muuza ndizi mmoja kutoka Usambara, mwanamke mpole tu, alimwambia, "Nyie wa kambini si mnapita tu?" Stefania alikuwa amezaliwa kambini. Baba yake, aliyevuka Ruvuma kuja kukata mkonge, alizikwa nyuma ya kambi hiyo hiyo. Neno lile hakulisahau. Akajiambia kwamba kambi nzima ikipiga kura, hakuna atakayelisema tena. Hata hivyo, alizidi kujiuliza kwa nini karatasi iliyokunjwa imfanye mtu kuwa mwenyeji.

Mumewe, Bernardo, hakuandikishwa. Karani alimwuliza alikozaliwa, naye akasema kweli: ng'ambo ya Ruvuma, kwa Mreno. Karani akaweka kalamu chini.

"Basi kura yako ni yetu wawili," Bernardo alimwambia mkewe. "Nami namtaka yule wa chama kikubwa."

"Umeshachagua?"

"Kwani wewe bado?"

Alikuwa bado. Wagombea walikuwa wawili, na wajumbe wa pande zote walifika kambini. Kila mmoja Stefania alimwuliza swali lile lile: mtu aliyezaliwa ng'ambo, akamaliza nguvu zake hapa, atahesabiwa wa wapi? Mjumbe wa chama kikubwa alijibu, "Hilo litaangaliwa, mama," akageukia mwingine. Wa chama kidogo alisema, "Mama, sijui." Watu wakamcheka.

Majirani nao walikuwa wazito. Mzee Kasmiri alilalamika kwamba kadi yake ya kura italiwa na panya kabla ya siku yenyewe.

"Itunze kama kipande chako, mzee," Stefania alimwambia.

Neno hilo liliwaingia watu. Kipande, ile kadi ya kazi, hakuna aliyethubutu kukipoteza: kila asubuhi kilikabidhiwa kwa nyapara ili atie alama ya siku, na bila alama hapakuwa na mshahara. Stefania alipoona neno lake linasikika, akalirudia kila mlango.

Siku ya kura ilipofika, shamba liliruhusu kila aliyemaliza sehemu yake ya kazi aende. Stefania alifunga kadi yake katika pindo la khanga, akawahi nyumbani kwa jirani yake Filomena. Alimkuta anafua.

"Mama Fabiani, umependeza! Unakwenda wapi?" Filomena alimwuliza.

"Tunakwenda kupiga kura."

"Kupiga tena? Mimi nimeshapiga asubuhi."

"Umepigia wapi?"

"Kwa nyapara Habakuki. Nimempa kadi pamoja na kipande. Wote tumempa. Si wewe uliyesema tuifanye kama kipande?"

Stefania alikimbia hadi shambani, akamkuta nyapara Habakuki kati ya mistari ya mkonge, mfuko wa koti umevimba kwa kadi za kura. Akamwuliza kwa nini amezipokea.

"Na mimi nilishangaa," Habakuki alisema. "Nikadhani ni amri ya meneja."

"Nipe niwarudishie wenyewe."

"Haiwezekani. Nikupe kadi za watu siku ya kura? Kesho watasema nimeziuza."

Alikuwa na haki, na hilo lilimchoma Stefania zaidi. "Basi njoo uwagawie mwenyewe. Au na wewe huendi? Kadi yako iko wapi?"

Habakuki akajipapasa. Ilikuwa mfukoni, imechanganyika na za wengine.

Stefania alirudi naye kambini; Habakuki akagonga chuma cha reli kilichowaamsha watu kila alfajiri, akaanza kuita majina.

"Kura moja imenichosha," alinung'unika Mzee Kasmiri, "na sasa mnanipa ya pili!" Watu wakacheka.

"Kosa ni langu, mzee," alisema Stefania. "Neno langu ndilo lililowapoteza. Twende, nitakubebea kiti upumzike njiani."

Filomena aliipokea kadi yake, akaitazama, akarudisha mikono kwenye povu. "Asubuhi nilipiga kwa moyo wangu wote, Mama Fabiani. Mchana huu sina moyo mwingine." Na wengine wakabaki pamoja naye.

Majina yaliisha. Bernardo, ambaye hakuitwa, alisogea akamchukulia mkewe kiti. "Hiki nitakibeba mimi."

Katika ukumbi wa kura askari alimzuia mlangoni. "Na wewe?"

"Mimi ni wa kiti," Bernardo alijibu, akabaki nje.

Ndani, Stefania alisimama na penseli mbele ya majina mawili. Alimfikiria mumewe juani. *Litaangaliwa.* *Sijui.* Akatia alama kwa yule ambaye mjumbe wake alisema hajui, na mara ile ile akaona shaka.

"Tumempa nani?" Bernardo aliuliza walipokuwa wakirudi, Mzee Kasmiri akijikongoja nyuma yao.

"Yule wa mjumbe aliyesema hajui."

"Basi nusu yangu umeitupa."

"Sijaitupa. Nimeuliza nayo tena swali lako."

Bernardo alihamishia kiti bega la pili. Walipopita sokoni, yule muuza ndizi aliinua macho. "Haya, mnatoka wapi na kiti?"

"Kupiga kura," Bernardo aliwahi kusema.

"Kambi yote?"

Stefania aliikumbuka mikono ya Filomena kwenye povu, akafungua kinywa.

"Yote," alisema Bernardo.

Stefania akafumba kinywa, wala hakumsahihisha.