Sikio la Kisingizio

Mlio uliniingia sikioni harusini, katika mji wa Ibra, Oman, miaka ya sabini, nikiwa bado mgeni kutoka Unguja. Vijana walikuwa wakicheza na kufyatua bunduki hewani, nami, kwa kutaka nionekane Mmanga kama wao, nikaenda kusimama bega kwa bega na mfyatuaji. Wenzangu waliziba masikio. Mimi niliona huo ni uwoga. Tangu siku ile sikio langu la kushoto likawa linalia kama birika lililosahauliwa jikoni.

Mlio wenyewe ulikuwa wa kweli. Nalisema hilo mapema, maana yaliyofuata hayakuwa ya kweli.

Nilikaa kwa ami yangu, ndugu wa baba, ambaye hakupata kutoka Oman na hakujua neno la Kiswahili. Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni: nasoma Kurani vizuri, lakini kuomba maji ya kunywa ni kazi. Siku chache baada ya harusi ami alinikalisha sablani, ukumbi wa wanaume, na mzee mmoja akanigeukia akaniuliza kama kuna habari. Desturi ya kule ni kujibu kwamba hakuna habari, hata kama nyumba inaungua. Nililisikia swali zima, sikulielewa, nikajibu, "Naam." Vikombe vya kahawa vikasimama. Wote wakaningoja niwaambie nani kafa. Nikababaika, kisha nikagusa sikio.

Basi nikaokoka. Ami aliwaeleza kwa maneno na mikono mambo ya bunduki, wakanionea huruma, nami nikaona kumbe kiziwi anaheshimika kuliko Mwarabu asiyejua Kiarabu. Toka hapo kila nikipotea katika mazungumzo mkono ulikwenda sikioni wenyewe. Ami akawa anakaa upande wangu wa kulia, ananiinamia, ananirudishia maneno ya wageni moja moja. Mtu mzima yule, ndevu nyeupe, aache kahawa yake ipoe kwa ajili yangu. Niliona haya kila alipoinama, ila si haya ya kutosha kuniachisha.

Mwisho akanipeleka hospitali. Daktari alikuwa Mhindi, na mimi akanisemesha Kiingereza. Aliniuliza kama natumia aspirini kwa wingi, kama nimemeza kwinini za malaria, kama nina presha, kama sikio limewahi kutoa usaha. Akalimulika ndani, akasema mara nyingi ni nta tu iliyojaa, ikitolewa mlio huondoka, lakini langu safi. Nilipomtajia bunduki akatikisa kichwa. Kelele kubwa huumiza ndani kabisa, akasema, na mlio wa namna hiyo huenda usiondoke.

Kisha akasimama nyuma yangu na kuninong'oneza maneno, sikio hili, halafu lile, niyarudie. Ningeweza kunyamaza. Lakini Kiingereza nilikijua, na ami alikuwa amekaa pale ananitazama, nikataka aone kwamba mtoto wa nduguye si mjinga. Nikayarudisha yote, upesi, kama mwanafunzi anayetaka maksi. Daktari akamgeukia ami akamwambia kwa Kiarabu kwamba ukiacha huo mlio, masikio yangu mazima kuliko yake yeye daktari. Kiarabu chake kilikuwa kibovu kama changu, ndiyo maana nilikielewa.

Tukarudi kwa gari ya ami. Njia nzima alishika usukani akatazama mbele, nami nilikaa kando yake natamani anitukane yaishe.

Baada ya sala ya alasiri sabla ikajaa. Jirani mmoja akauliza daktari kasemaje. Nikainamisha uso mkekani. Neno moja tu la ami lingetosha: mji mzima ungejua kwamba Mzinjibari yule ni mwongo, na kwamba nilimfanya mzee wangu mpumbavu mbele ya watu wake. Ami akasogeza sahani ya tende mbele yao, akasema:

"Daktari anasema tumsemeshe polepole, neno neno, mpaka azoee."

Alilisema hilo taratibu sana, ili na mimi nielewe. Nililielewa lote, na hapo ndipo nilipotamani ningekuwa kiziwi kweli.