Mshale Ulikuwa Katikati

Najua kuna watakaosema nimezeeka na akili imeanza kuyumba. Waseme. Kisa hiki kilinipata mimi mwenyewe, na hakikutokea usiku kama visa vingine vya aina hii. Kilitokea saa nne asubuhi, mwezi wa saba, nikiwa njiani kwenda soko la Nunguni, na pombe sijawahi kuonja tangu niokoke. Nimenyamaza miaka mingi. Kunyamaza hakujanisaidia.

Kwanza ujue kazi yangu. Nilikuwa mwalimu katika chuo kimoja cha marubani Nairobi, miaka ya sabini hadi themanini. Usifikirie nilikuwa rubani. Daktari aliyakataa macho yangu, kwa hiyo nikapewa mashine ya mazoezi: chumba kidogo chenye viti viwili, usukani na saa tele za vipimo, kinachojifanya ndege lakini hakiondoki sakafuni. Humo nilifundisha vijana kutua bila kuona nje. Nilijivuna sana, sitaki kukudanganya. Mtu ambaye hajawahi kurusha chochote isipokuwa mawe ya kufukuza tumbili shambani, eti anafundisha marubani!

Kutua kwa namna hiyo si uchawi. Kandokando ya barabara ya ndege kuna mitambo inayotuma mawimbi ya redio, na mawimbi hayo yanachora njia angani inayoshuka polepole mpaka chini. Rubani haioni hiyo njia. Anaona mishale miwili mbele yake: mmoja unamwonyesha kama amekwenda kushoto au kulia, mwingine kama yuko juu au chini mno. Yote miwili ikikaa katikati, yuko njiani. Sasa, kwenye mashine yangu hapakuwa na mawimbi hata kidogo. Mashine ilijua uwanja uko wapi, ikasogeza mishale ilivyotakiwa, basi. Lakini mawimbi ya kweli yana ujanja wake. Yakigonga lori au jengo, yanapinda. Na juu ya ile njia ya kweli hujitokeza nyingine ya uongo, inayoteremka kwa ukali karibu mara tatu. Ukija ukiwa juu mno unaweza kuishika hiyo, na mshale utakaa katikati vilevile, umetulia kabisa.

Mashine yangu haikuwa na njia ya uongo. Ilikuwa kitabuni tu, na ilikuwa kazi yangu kuieleza kwa mdomo.

Dada yangu Syombua, mjane wa Mukuyuni, alikuwa na mtoto mmoja tu, Kioko. Aliuza ng'ombe na kipande cha shamba ili kijana asomee urubani, na akaniletea mimi. Nilimfundisha kuliko wengine wote. Jioni moja kabla ya mtihani tulibakiwa na somo hilo moja, la njia ya uongo. Kijana alikuwa amechoka, na mimi nilitaka apite. Nikamwambia, "Hiyo haiulizwi kesho. Wewe amini mshale. Hiyo nyingine tutasoma baadaye." Alipita vizuri sana, akapata kazi kwenye ndege ya mizigo. Somo lile hatukulirudia tena.

Haya, asubuhi ya siku yenyewe nilikuwa likizo nyumbani. Ukungu ulikuwa umeshuka, ukungu wa kwetu milimani, ambamo mtu haoni hata ng'ombe aliyemshika kamba. Nilifika pale njia inapogawanyika, moja ikizunguka kilima taratibu, nyingine ikiteremka moja kwa moja mpaka mtoni. Hapo nikamwona Kioko amesimama, shati jeupe la kazi, tai nyeusi. Nilifurahi! Nilidhani amepewa ruhusa, akaamua kuja kunisalimia.

"Kioko! Umefika saa ngapi? Mama anajua uko huku?"

Hakunisalimu, na yeye alikuwa kijana wa heshima. Suruali yangu ilikuwa imelowa umande mpaka magotini. Viatu vyake vilikuwa vikavu, vinang'aa. Niliviona. Mbona sikushtuka? Nimejiuliza hilo mpaka nimechoka nalo.

"Anko," akasema harakaharaka, "mshale uko katikati kabisa, lakini tunashuka mbio sana. Kwa mashine yako haikuwa hivi. Nifanye nini?"

Nilicheka. Niamini, nilicheka. Nilidhani ana mtihani mwingine mbele yake, na haraka ya maswali imemsahaulisha salamu. Nikamjibu kwa sauti ya darasani.

"Wewe na maswali yako! Kama mshale uko katikati, shida iko wapi? Amini mshale."

"Sawa, anko. Asante."

Akageuka, akashika ile njia ya mtoni, akiteremka bila mguu kuteleza, na ukungu ukamfunika. Nilimwita arudi tukanywe chai. Nikamfuata hatua kumi hivi. Nyasi za njia ile zilikuwa na umande wake wote. Hakuna mtu aliyekuwa amezikanyaga.

Saa saba, kwenye hoteli ya pale sokoni, redio ikasema ndege ya mizigo imeanguka kwenye ukungu ikitaka kutua Nairobi. Saa nne asubuhi. Waliokuwemo wote wamekufa. Kikombe kilinitoka mkononi, na mwenye hoteli akanikemea kwa kumchafulia meza.

Miezi ikapita, wachunguzi wakaleta karatasi zao chuoni. Ndege iliikaribia Nairobi ikiwa juu mno, ikashika njia ya uongo, ikaifuata vizuri mpaka chini. Neno moja lingetosha: panda. Ukiwa na shaka unaongeza moto wa injini, unapanda, unazunguka upya. Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua. Niliulizwa na mtu aliyekuwa bado hai, na neno hilo sikumpa.

Nilikwenda Mukuyuni kumwambia dada yangu yote. Nilimkuta anabambua mbaazi. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Ndugu yangu, wajua kinachonipa usingizi? Najua mtoto wangu alifundishwa vizuri. Kama kungekuwa na njia ya kupona, angeiona." Nikachukua ungo, nikamsaidia kubambua.

Kila mwaka, mwezi wa saba, alisimama kanisani kutoa ushuhuda, akamshukuru Mungu kwa ajili ya kaka yake aliyemlea Kioko katika kazi. Watu wakaitika amina, na mimi nimekaa pale mbele. Mwaka jana tulimzika. Amekwenda akinishukuru. Hakuna tena mtu duniani wa kunisamehe, na Mungu nimeshamwomba.

Wewe unayenisikiliza, ukimwona mtu wako mahali ambapo hapaswi kuwepo, akakuuliza jambo la kazi yake, usicheke. Usijifanye mwalimu. Mwulize kwanza yuko wapi. Mimi nilijua jibu la kitabuni, nikalitoa upesi, na sikumwuliza.