Kisu ya Mama Mukwe

Kama unatafuta kisu ya mbio, usikuye kwetu. Enda ku soko, kule wanauzisha ile ya mupini wa plastiki, inakata siku yenye uliinunua, kisha inakata paka maji tu. Bwana yangu Ngandu, mwenye alinioa, anatengenezaka kisu moya kwa muntu moya, na unapashwa kuya weye mwenyewe. Usitume mutoto, usitume bibi yako.

Atelye yake, pale anafanyia kazi, iko nyuma ya nyumba, karibu na njia ya treni. Ni mabati juu, moto ya makala, nyundo ya baba yake mwenye alitumikaka ku treni, na kiti moya ya kliyan, mwenye anakuya kununua. Chuma anaitosha ku resori, ile inabeba uzito ya kamyo, ya kamyo yenye ilifwa. Anaitia mu moto, anaipiga, anaizimisha mu mafuta, anainoa. Mupini anaichonga mu mulombwa, muti ile mwekundu. Mpaka hapo, hata fundi ingine anaweza.

Kazi ya Ngandu njo hii: anakuikalisha pa kiti, anakupa udongo ya kichuguu yenye alilainisha na maji, anasema, "Kamata sawa vile unakata." Unafinya. Yeye anakukamata pa kifundo ya mukono, anafunga macho. Alama ya vidole inabakia mu udongo, na kwa ile anachonga mupini. Lakini nguvu yako inatokea wapi, ku kiganja ao ku bega, udongo haiseme. Ile anaisikia na mukono yake. Siku moya nilimuuliza, "Na kama ni mwanamuke muzuri, unafunga macho vilevile?" Akajibu, "Njo pale ninayafunga na nguvu."

Sasa mama yangu. Mama Mwadi anauzishaka kambale ya kukauka, ile inatoka Kabondo-Dianda, ngumu sawa ukuni. Anaikata vipande, kila muntu ananunua yenye mufuko yake inaweza. Samaki ile njo ilisomesha shiye wote. Kisha ugonjwa ikamupata, upande wa kuume yote ikalegea. Muguu ikarudia muzuri. Mukono, wapi! Kisu inaanguka, kambale inateleza, bakliyan wanaenda ku meza ingine.

Ndugu yangu Stanislas, mwenye anaikala Kabongo, akapiga telefone: "Mama amechoka. Mwisho wa mwezi nitakuya kumukamata, ataikala kwangu, apumzike." Mama akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia, "Élisa, kupumzika ile ninaijua. Ni kiti pa mulango na kungojea kufwa. Minyi siende." Alisema vile, lakini macho yake ilikuwa paka ku mukono.

Bon, bwana ni fundi wa bisu, mama anakosa kisu. Jambo rahisi, ao? Thubutu! Kwetu Baluba, mwanaume na mama mukwe, mama ya bibi yake, hawashikane mukono, hawakule meza moya, hawaangaliane mu macho. Ngandu akiona mama anatokea ku njia, anakata kona, anapita mu mihogo ya bantu. Mama naye anavuta kitenge ku uso. Tuko bantu ya kanisa, tunaimba mu korali, lakini heshima ya bukwe hakuna mwenye anaichezea. Na ni bantu wenye wanapendana, ee! Kila asubui Ngandu ananiuliza mama ameamukaje, na mama ananiuliza kama mukwe wake amekula.

Njo Ngandu akafanya akili. Akaniikalisha minyi pa kiti. "Mukono yako ni ya mama yako, bantu wote wanaisema." Ni kweli, vidole ni vilevile, kidole gumba nene ileile. Nikafinya udongo, nikajisikia mukubwa. Na kisu ikatoka, yo! Muzuri mpaka unaogopa kuikatia samaki.

Nikaipeleka ku soko. Mama akaikamata, akaiinua, ikageuka mu kiganja, ikaanguka juu ya meza. Akajaribu tena. Ikaanguka. Akaifunga mu kitambaa, akanirudishia. "Ambia mukwe wangu asante. Kisu haina kosa." Mangaribi, ku nyumba yake, akaanza kukunja manguo ya kwenda Kabongo.

Nilirudia nyumbani na machozi na hasira, yote mara moya. "Ulipima mukono ya muzima!" nikamufokea Ngandu. "Ya mugonjwa haukuipima!"

"Élisa, sababu unaijua."

"Sababu ile njo itamupeleka Kabongo!"

Kesho yake asubui niko nafagia, naona mama anaingia mu lupango, kiwanja ya nyumba yetu. Hakusalimia. Akaenda chap ku atelye. Ngandu akaruka, anatafuta mahali ya kukimbilia, kidogo akanyage makala. Muntu mukubwa, na ndevu! Mama akamupa mugongo, akafungula kitenge ya juu ku kiuno. "Élisa, tundika hii."

Nikaitundika pa kamba, kati ya nguzo na nguzo. Mama akaikala pa kiti ya kliyan, Ngandu akapiga magoti upande ingine. Kisha mama akapitisha mukono chini ya kitenge, paka mukono tu.

Ngandu akaweka udongo mu kiganja. "Élisa, ambia mama afinye." Mama anamusikia, iko palepale! "Mama, ufinye." Akafinya. Ngandu akamukamata pa kifundo, akafunga macho, akakawia. Upande wangu niliona mama analia bila sauti. Nilisikia huruma ya bote wawili.

"Vidole vimelala," Ngandu akasema pole pole. "Lakini bega iko. Ambia mama, bega yake inapita yangu."

Kisu yenye ilitoka ni mubaya kuangalia, naisema wazi. Mupini haiko nyuma ya chuma, iko juu yake, munene sawa mukate, na ngozi ya kufunga mukono isitoke. Vidole haina kazi: unaweka kiganja, bega inasukuma. Ngandu alisikia haya kuionyesha bantu.

Mwisho wa mwezi Stanislas akafika na moto, pikipiki yake, vumbi mpaka mu masikio, na kamba ya kufunga mizigo. Nikamupeleka ku soko. Mama iko nyuma ya meza, kambale chini ya kisu: ta! ta! ta! Stanislas akasalimia na heshima yote. "Mama, nimefika. Twende."

Mama hakuinua macho. "Ngoja kwanza. Niko na bantu."

Akangojea mpaka soko ikaisha. Akarudia Kabongo peke yake, na kipande ya kambale mu mufuko.

Kitenge haijatoka pa kamba. Mama anakuya kunolesha kisu, anaipitisha chini, Ngandu anainoa, anairudisha. Na mama haondoshe mukono mbio. Anaiacha pale, Ngandu anaikamata, anafunga macho.

"Élisa," anasema, "ambia mama kidole ya katikati imeanza kuamuka."

Na nyuma ya kitenge mama anajibu yeye mwenyewe, "Élisa, ambia mukwe wangu, minyi nilijua."