Bendera Upande wa Ndani

Kila asubuhi mtunza ghala wa mtaa wa Gatsata huyakunjua maturubai ya msaada na kuyakunja upya kwa mistari mingine, kwa sababu plastiki inayokunjwa pale pale hupasuka. Vidole vyake huupapasa kwanza mkunjo wa zamani. Novemba hii Illuminée, mkimbizi kutoka Burundi, alisimama kando ya fito za kibanda chake, mtoto mgongoni, mvua ikikaribia. Mgeni kutoka nchi iliyotoa turubai akataka wamngoje mpiga picha, ili bendera yao iliyochapishwa kwenye turubai ionekane juu ya paa. Mtunza ghala alikuwa ameshaanza kulifunga turubai kwenye fito, bendera ikitazama chini.

“Iko ndani, shefu,” alisema bila kugeuka. “Juu iko mvua tu. Mtoto ndiye ataiangalia.”

Mpiga picha alipofika, ilimbidi alale chali ndani ya kibanda, kando ya mtoto aliyelazwa.