Ng'ombe Arudi Alikotolewa

Ilikuwa siku ya Idi, watu wakiwa kwenye sala, ng'ombe wa Mama Zaituni wa Gashoho alipoibwa. Alikuwa na huyo mmoja tu, na maziwa yake ndiyo aliyotia katika chai aliyouza sokoni. Wiki hiyohiyo mimi nilianza kazi mahakamani Gitega, nisijue habari za ng'ombe wa mtu. Nilikuwa nimetoka kumzika mke wangu, Domitila. Nyumba ilinishinda, nikakubali kazi ya kwanza iliyonitoa nje asubuhi.

Nililelewa ukimbizini Kigoma, nikaishia darasa la saba kabla ya kurudi kwetu Burundi. Nilikuwa na baiskeli, na nilijua kuandika Kiswahili na Kirundi, hayo yalitosha. Karani mkuu, mzee mwenye sauti ndogo, alinipokea akiwa amesimama.

"Hakimu akishasema, anabaki kwenye kiti chake," aliniambia. "Hukumu haina miguu. Miguu ni wewe."

Kazi yetu iliitwa utekelezaji wa hukumu. Nilijifunza kwanza kutofautisha mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. Fidia ni malipo ya kitu ambacho hakiwezi kurudi tena. Kurudishiwa ni kupata kitu chako chenyewe, pamoja na uzao wake. Karani mkuu alilipenda zaidi hilo la pili, nami nikalipenda kwa sababu zangu. Kanuni yake ilikuwa mkono kwa mkono: aliyeiba atoe, aliyeibiwa apokee, mashahidi waone, kisha mwenye mali atie dole gumba, ili kesho asitokee wa kusema hakupokea.

Kwa kanuni hiyo nilirudisha masufuria, mabati na cherehani, Gitega mjini na huko Buraza. Baadaye nilihamishiwa Muyinga, nikapangiwa mahakama ya Gashoho. Huko rais wa mahakama, yaani hakimu mkuu wake, alikuwa mama mmoja mkali, asiyependa maneno mengi. Faili la kwanza alilonipa lilikuwa la Mama Zaituni. Mwizi alikuwa jirani yake, Nestori, na ng'ombe alipatikana kwa shemeji wa huyo Nestori, akiwa ameshazaa. Hukumu ilisema ng'ombe arudishwe, na ndama amfuate mama yake.

Siku ya makabidhiano uwanja wa mahakama ulijaa. Nestori alikuja amevaa koti, anamwongoza ng'ombe kwa kamba kama mtu anayekwenda harusini, ndama nyuma yao. Akainyoosha ile kamba kwa mikono miwili.

"Chukua, mama," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Mi nakupatia. Na huyu ndama mdogo nakupatia kwa moyo mweupe. Usisahau tu jirani."

Watu wakacheka. Mama Zaituni akaficha mikono ndani ya kanga.

"Mama, pokea," nikasema.

"Mi sipokei."

"Si ng'ombe wako?"

"Iko wangu. Ndiyo maana sipokei."

Nilidhani ni hasira. Nikamweleza kwamba asipopokea, nitaandika kuwa amekataa, na mahakama haina majani wala zizi. Ng'ombe atarudi kwa Nestori mpaka ipangwe siku nyingine. Nestori akatabasamu. Mama Zaituni akanitazama kama anavyotazamwa mgeni aliyeingia na viatu mkekani.

"We mwanangu, ulikulia wapi?"

"Tanzania, mama."

"Bon. Basi sikia. Hapa kwetu mtu akikupatia ng'ombe mkononi, mbele ya watu, na we ukashika kamba, umekuwa mtu wake. Akilima, unakwenda kumlimia. Akiwa na sherehe, unamtumikia. Huyu ameniibia, sasa anataka kunigawia ng'ombe yangu mwenyewe! Kesho sokoni ataniita nimsalimie kwa magoti."

Kicheko kikakatika. Wazee waliokuwa ukutani wakatikisa vichwa kukubali. Nikaelewa lile koti.

"Unataka nifanye nini, mama?"

"Alimtoa kwenye kigingi changu. Amrudishe kwenye kigingi changu. Mi nitakuwa jikoni."

Nikaingia kwa rais wa mahakama nikiwa na woga, maana nilikuwa naomba kuvunja kanuni niliyofundishwa. Alisoma tena mstari wa hukumu.

"Nimeandika arudishwe," alisema. "Sikuandika apewe. Nenda."

Tukapita katikati ya soko: Nestori na ng'ombe, ndama, mimi na baiskeli yangu, na watu wote nyuma. Hakuna aliyemsalimia Nestori. "Leo umepata kazi ya uchungaji!" muuza vitunguu mmoja akamwita, naye akainamisha kichwa. Tulipofika kwa Mama Zaituni, Nestori alifunga kamba kwenye kigingi, nikahakikisha fundo, akaondoka mikono mitupu.

Nimestaafu sasa, naishi Gitega. Wanaoanza kazi hiyo wakinijia, nawaambia wasiishie kuuliza nani apokee; waulize pia kitu kilitolewa wapi. Nilifanya hivyo tangu siku ile, na hakuna rais wa mahakama aliyenikataza. Vingine havirudi, hilo nalijua kuliko wengi. Lakini nimeona vingi vikirudi, na hilo limenisaidia kulala.

Siku ile Mama Zaituni hakutoka jikoni mpaka Nestori alipopotea nyuma ya msikiti. Alipotoka, alimshika ng'ombe masikio, akampapasa mbavu.

"Umekonda, we mjinga," alimwambia. "Nani alikutuma kumfuata?" Kisha akapaza sauti hadi kwa majirani: "Ng'ombe yangu amerudi!"

Nikatoa karatasi na wino.

"Ngoja kwanza," akasema. "Huyu ana maziwa."

Nikaketi juu ya jiwe langoni nikasubiri. Tangu mazishi sikuwa nimeketi popote bila kutamani kuondoka. Alimwachia ndama anyonye kidogo, akamsogeza, akakamua taratibu huku akimsema ng'ombe kwa sauti ya chini. Alipomaliza, akafuta mikono kwenye kanga, akaja, akatia dole gumba.