Ng'ombe wa Kwanza Kutoka Zizini

Mke wangu nilimpata kwa akili ya shangazi yangu, na hadi leo jambo hilo nalisimulia nikiwa nimetanua kifua.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, baada ya ukame. Ng'ombe wetu walikuwa mbavu nje, na ndipo wakwe watarajiwa, watu wa upande wa Ibadakuli, wakatuma habari kwamba wanakuja kukagua mahari. Kwetu Usukumani wakaguzi husimama mlangoni pa zizi asubuhi, ng'ombe wakitolewa mmoja mmoja, nao husema huyu tunamchukua, huyu hapana. Wakikataa wengi, posa imevunjika. Na mimi nilikuwa nimeshasikia kwamba mchimbaji mmoja wa dhahabu huko Geita anamtaka binti yule yule. Nilimpenda sana. Ng'ombe wa baba nilikuwa nikiwachungia karibu na kisima cha kwao, mahali pasipo hata na majani, ili nimwone tu akiteka maji. Kukonda kwao, basi, si ukame peke yake.

Baba alikuwa na mtamba mmoja mwekundu aliyenona, akaamua ndiye atangulie. "Kizuri chajiuza," alisema. Kila mtu kwetu alifanya hivyo, alitanguliza ng'ombe wa kujivunia.

Shangazi, dada yake mkubwa, alikuwa pembeni anapepeta mtama. Akacheka.

"Wakishamwona huyo, wa pili ataonekana mgonjwa, wa tatu ataonekana maiti. Jirani yako si alifanya hivyo hivyo? Mwanawe mpaka leo anajipikia."

"Nianze na nani, basi?"

"Na yule kikongwe aliyevunjika pembe."

Baba alikasirika. Akamuuliza dada yake kama anataka yeye aaibishwe nyumbani kwake.

"Mdogo wangu, wale wanakuja kukataa. Mtu aliyekuja kukataa mpe cha kukataa, aridhike. Haya, chagua wewe mwenye zizi: kikongwe atoke wa kwanza, au atoke wa mwisho, waondoke naye machoni?"

Baba alifikiri, kisha akasema kwa sauti ya mwenye zizi kwamba ni afadhali wa kwanza. Kumwacha ndani kabisa hakukumjia akilini, kwa kuwa hakuulizwa. Nilijifanya nafunga kamba ili asione ninavyocheka.

Asubuhi ile wageni walifika, tukaamkiana, wakasimama kando ya uzio wa minyaa na fimbo zao. Kikongwe akatoka akikokota mguu. Baba wa binti, mtu wa sauti nene, akamtazama kuanzia kwato hadi ile pembe iliyobaki.

"Huyu mmemtoa kwa ajili ya mahari au ya matanga?"

Wenzake wakacheka, wakamkataa kwa raha zote. Baba hakubisha. Akatoka wa pili, mwembamba, lakini akienda wima.

"Angalau huyu anatembea," mzee akasema, akampitisha.

Wa tatu alimzidi wa pili kidogo, wa nne akamzidi wa tatu, na kila aliyetoka walimlinganisha na yule mwenye pembe moja. Mwishowe akatoka mtamba mwekundu. Mzee alimzunguka, akamwekea mkono mgongoni.

"Huyu mlikuwa mnamficha," akasema hatimaye, akicheka.

Posa ikapita. Shangazi alipiga vigelegele hadi kuku wakatawanyika, nami nilikimbilia nyuma ya minyaa nikaruka peke yangu kama ndama aliyefunguliwa. Sijawahi kufurahi vile tena.

Tulipokwisha kuoana nilimsimulia mke wangu hila ile, nikijiona mjanja kana kwamba niliibuni mimi. Alikuwa anasonga ugali. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na yule mchimbaji wa Geita, uliyekuwa ukimwogopa?"

"Amefanyaje?"

"Ni mimi niliyepeleka habari zake kwa baba, kupitia kwa mama. Nikasema ananitaka mtu asiye na ng'ombe hata mmoja, ana sururu na tochi tu. Baba alifoka siku nyingi. Alipochoka kufoka, ndipo nikakutaja wewe."

"Akasema nini?"

Aliupakua ugali, akauweka mbele yangu.

"Akasema, angalau huyu ana ng'ombe."