Siku Ilene Bitsilly Aliposhuka Njiani

Ilene Bitsilly aliendesha basi la shule pale Kayenta, mji mdogo wa jangwani katika ardhi ya wenyeji asilia, karibu miaka thelathini, na muda wote huo hakuwahi kulisimamisha ili atazame kitu. Si kwamba hakuviona. Kila asubuhi alikuwa barabarani kabla ya jua, na jua lilipochomoza lilimkuta mahali fulani kati ya Chilchinbito na barabara kuu, kingo za Mlima Mweusi zikiwaka upande wake wa kushoto, huku nyuma yake watoto wakitupiana kofia, wakilia, wakitapika maziwa. Angewaambia nini? Nyamazeni, nataka kutazama mlima? Alikaza macho mbele. Farasi huvuka bila kuangalia, na mvua ikinyesha barabara zile hugeuka sabuni. Mlima ulimpita dirishani asubuhi hata asubuhi, kama jirani unayepishana naye sokoni nyote mna haraka.

Alipostaafu, walimu walimkatia keki na kumpa saa ya ukutani. Mwanawe Delbert, fundi umeme wa Phoenix, akamletea kamera. Kamera ikakaa juu ya friji majira yote ya baridi. Halafu siku moja, akisubiri nguo zake pale wanapofulia kwa mashine, akaona tangazo limebandikwa ukutani: safari ya wapiga picha, kwa gari, jangwani na kwenye makorongo, wanaoanza wanakaribishwa. Alilisoma hadi mashine ikasimama. Akapiga simu.

Mpwa wake Tanisha alicheka mpaka akaketi chini.

"Shangazi! Unamlipa mzungu akuonyeshe mawe? Haya haya ya nyuma ya choo chako?"

"Ndiyo."

"Si ungeniambia mimi nikuzungushe bure."

"Wewe utaniendesha huku unachati. Huyu atasimama. Kazi yake ni kusimama."

Basi, mwezi wa kumi akaenda mji wa Page, akawakuta wenzake wamekusanyika mbele ya hoteli kando ya basi dogo jeupe. Walikuwa saba, wamevaa vizibao vyenye mifuko mpaka mgongoni. Mzee mmoja mrefu, Hemphill, daktari wa meno kutoka Ohio, alimwona Ilene na kofia yake na mikono yake mikubwa, akamkabidhi begi.

"Mama, humu mna lenzi. Liweke juu kabisa, lisilaliwe na mengine."

Ilene akaliweka juu kabisa. Kisha akapanda garini nyuma ya daktari, akaketi kiti cha pembeni yake. Daktari akawa mwekundu mpaka masikioni.

"Nisamehe sana. Nilidhani..."

"Usijali," Ilene akasema. "Hata mimi nusura niende kukaa kwenye usukani."

Mwongozaji aliitwa Garrett, mtu wa Flagstaff, mwembamba, mpole, asiyepandisha sauti. Aliwaamsha gizani, akawapeleka ukingoni mwa korongo, akawaambia wasimike kamera kwenye miguu yake mitatu na wangoje. Neno lake lilikuwa hilo moja: ngojeni. Ilene aliona ajabu kwamba watu wazima walisafiri kutoka mbali hivyo ili waambiwe wangoje, lakini asubuhi ya kwanza, nuru ilipoanza kushuka ukutani mwa korongo, taratibu, kama mtu anayekunjua blanketi, alijikuta machozi yanamtoka, wala hakuweza kusema ni ya nini. Picha zake za siku hiyo zilitoka zimepinda. Constance, karani wa mahakama mstaafu kutoka Minnesota aliyelala naye chumba kimoja, alimwonyesha namna ya kunyoosha. Hakumuuliza kuhusu machozi, na kwa hilo Ilene akampenda.

Siku ya nne walikuwa waende kwenye korongo la Chinle, na Garrett akachagua njia ya mkato, ile inayopita Chilchinbito. Ilene hakuwa na habari mpaka gari lilipokata kona. Mikono yake, iliyokuwa imepumzika mapajani, ikaanza kushika usukani usiokuwapo. Alivijua vituo vyote. Hapa ndugu wanne waliokuwa wakigombania dirisha. Hapa msichana aliyesahau viatu. Mvua ilikuwa imenyesha juzi yake, na pembeni mwa barabara matope yalikuwa bado yanang'aa.

"Garrett," akasema, "simama pale kwenye tairi."

Palikuwa na njia ya vumbi inayopanda kuelekea vilimani, nguzo moja ya uzio, na tairi la lori lililozikwa nusu ardhini. Zaidi ya hapo hapakuwa na kitu.

"Pale?" Hemphill akachungulia. "Pana nini pale? Tukichelewa nuru ya Chinle itatupita."

"Tutatafuta nafasi nyingine, Ilene," Garrett akasema kwa upole. "Leo muda umebana."

"Siku zote hizi nimesimama kila uliposema nisimame. Hata pale kwenye gari bovu lenye kutu, nilisimama."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Garrett akapunguza mwendo, akaegesha.

Ilene akashuka peke yake. Alipiga picha ya tairi, akapiga ya nguzo, akapiga ya njia inayopanda. Aliposhusha kamera akamkuta Constance amesimama kando, na nyuma yake daktari, asiye na la kufanya.

"Palikuwa na mtoto akipandia hapa," Ilene akasema. "Wa darasa la tatu. Jina silisemi, kwetu la aliyetangulia hatulisemi. Aliishi na bibi yake kule juu, na bibi alimshusha kwa miguu kila asubuhi, blanketi moja limewafunika wote wawili. Ukimulika taa unaona kitu kimoja chenye vichwa viwili. Majira ya baridi fulani mtoto akashikwa na homa ya mapafu. Wakampeleka hospitali Flagstaff. Hakurudi."

Akafuta lenzi kwa kona ya shati, ingawa haikuwa na vumbi.

"Siku chache baada ya msiba, napita hapa, namulika, namwona bibi amesimama kwenye tairi na blanketi lake. Ningefanyaje? Nikasimama. Nikafungua mlango. Akasogea mpaka kwenye ngazi, akawatazama watoto, mmoja mmoja, hadi kiti cha mwisho. Akarudi nyuma, nikafunga. Kesho yake tena. Mpaka shule ilipofungwa mwezi wa tano."

"Kila siku?" Constance akauliza.

"Kila siku. Na wale watoto, ambao hawakunyamaza hata kwa mkuu wa shule, walikuwa wananyamaza kuanzia kituo cha nyuma. Kuna mmoja wa chekechea siku moja alijisogeza kwenye kiti, akapigapiga pale pembeni yake, anamkaribisha bibi akae. Bibi akamtikisia kichwa tu."

"Halafu?"

"Shule zilipofunguliwa sikumwona tena. Sikuuliza. Kwetu huendi kuulizia mambo kama hayo."

Wakati huo huo mngurumo wa injini ukasikika kutoka juu ya njia, ukapanda, ukafa, ukapanda tena. Pikapu ya zamani, imesheheni majani makavu ya mifugo, ilikuwa imezama magurudumu ya nyuma kwenye matope, na mwanamke aliyevaa koti la jinzi alikuwa ameshuka akiwapungia mkono kwa nguvu zote.

"Twendeni," Ilene akasema, na kwa sauti ile ile iliyowahi kuwaketisha watoto sitini, safari nzima ikashuka garini.

Wakasukuma. Garrett alishika usukani, daktari na wengine wakaweka mabega nyuma. Gurudumu lilipozunguka likamwaga matope yote juu ya kizibao cha Hemphill, na pikapu iliporuka kwenda mbele yeye akaanguka kifudifudi. Yule mwanamke alijishika mdomo asicheke, akashindwa.

"Baba, sogea huko tuone kama umebaki mzima!"

"Nimebaki," daktari akasema kutoka kwenye matope. "Meno yote yapo."

Baada ya hapo mwanamke akamgeukia Ilene, akamtazama kwa muda, kicheko kikamwisha usoni. Alikuwa wa umri wa kati, nywele zimefungwa nyuma kwa uzi wa sufu. Wakapeana mikono kwa kugusana tu, kama ilivyo adabu, wakaulizana majina na koo zao. Jina lake Roselyn. Ilene alisema yeye ni wa ukoo wa Maji Machungu kwa mama yake, na Roselyn akasema baba yake ni wa Maji Machungu.

"Basi wewe ni shangazi yangu," Roselyn akasema, bila kutabasamu. "Na ndiye wewe uliyekuwa na basi."

"Ndiye mimi."

"Yule mtoto alikuwa wangu."

Ilene akamtazama upya. Hakujua kwamba mama yake mtoto yupo. Siku zile ilisemwa tu kwamba anafanya kazi mbali.

"Nilikuwa Phoenix, nasafisha vyumba vya hoteli," Roselyn akasema. "Watu walinipigia simu. Mama yako anasimama barabarani alfajiri, na dereva anamfungulia mlango. Wewe unajua mila, shangazi. Siku nne za msiba, kisha tunanyamaza, tunaendelea na maisha. Wewe ukawa unamfungulia kila siku. Nilikuchukia. Sikukufahamu, lakini nilikuchukia."

Wengine walikuwa wamejitenga, wakijifanya wanakung'uta viatu. Ilene hakutafuta pa kujificha.

"Mila naijua," akasema. "Wapo walioniambia hata wakati ule. Lakini alikuwa amesimama kituoni, mwanangu. Mtu akisimama kituoni, nasimama. Sikuwa na akili nyingine."

Roselyn akang'oa jani kavu lililonasa mkononi mwa koti lake, akalizungushazungusha vidoleni.

"Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba niliyekuwa nikimchukia si wewe. Wewe ulikuwapo. Mimi sikuwapo." Akalitupa lile jani. "Mama aliishi miaka mingine sita. Miguu ilikuwa imekataa, tukamhamishia kambi ya kondoo kule mlimani. Kuna siku nilipiga moyo konde nikamuuliza, ulikuwa unatafuta nini kwenye lile basi? Akanijibu neno moja. 'Wanakua wale watoto.' Basi. Wanakua."

Ndipo Roselyn alipoiona kamera ikining'inia shingoni mwa mwenzake.

"Umepiga picha pale chini?"

"Nimepiga."

"Za nini?"

"Sijui. Nilitaka niwe nimesimama pale kwa ajili yangu, mara moja."

"Nionyeshe."

Wakainamisha vichwa juu ya kamera. Tairi. Nguzo. Njia. Ile ya njia ilikuwa nzuri. Jua lilikuwa limepita chini ya wingu na kila jiwe lilikuwa na kivuli chake. Hata Garrett, aliyesogea sasa, alivuta pumzi alipoiona.

"Zifute, shangazi," Roselyn akasema taratibu. "Mahali pale nimepaacha. Sitaki paning'inie ukutani kwa mtu."

Garrett akafungua kinywa. Ilene akamtazama, naye akakifunga. Ilene akazifuta moja baada ya nyingine, ya njia ikiwa ya mwisho, na hilo lilimuuma, hakujidanganya. Lakini hakubisha.

"Asante," Roselyn akasema. Akashusha pumzi, na sauti yake ikabadilika. "Njoo upige kondoo wangu. Hao wapo hai, na wanapenda kutazamwa. Kuna mchuzi wa kondoo wenye mahindi jikoni, nakaanga na mkate. Usiniambie huna njaa."

"Ilene," Garrett akasema, "kundi haliwezi kungoja. Na Chinle ndiyo safari yenyewe. Ndiyo uliyoilipia."

"Najua. Nendeni. Nitakuja."

"Utakujaje?"

"Atakuja na hiyo," Hemphill akadakia, akionyesha pikapu kwa kidole cha matope. "Imeshasukumwa na daktari, haiharibiki tena."

Wakacheka, Ilene na Roselyn pia. Constance alimshika Ilene bega, akalikamua kidogo, akapanda garini. Lile basi dogo jeupe likaenda zake.

Mchana kutwa Ilene alipiga picha za kondoo. Hawakutulia kama miamba. Ukimwinulia mmoja kamera, anakugeuzia mkia. Roselyn aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akimwambia yupi mkaidi na yupi mwizi wa chumvi. Kuhusu mtoto hawakusema tena neno. Walikula mpaka wakalegea, wakaosha vyombo, na jua lilipoanza kupungua Roselyn akawasha pikapu akampeleka Chinle, akamshusha hotelini. Wapiga picha walikuwa wamekwisha kurudi, wana nyuso za watu walioona kitu kikubwa. Garrett alimwonyesha picha za korongo kwenye kompyuta yake. Zilikuwa nzuri mno. Ilene alizitazama zote, akamwambia hivyo, na katika siku mbili zilizobaki alisimama na wenzake kila mahali, akingoja kwa utulivu kuliko wote.

Aliporudi nyumbani, Tanisha aliomba kuona hayo mawe ya kulipiwa. Alionyeshwa makorongo kidogo na kondoo wengi.

"Shangazi, hawa kondoo ndio mzungu alikuonyesha?"

"Hapana. Hawa ni wa binti yetu. Hujamjua bado."

Majira ya kuzaa kondoo yalipofika, mwezi wa tatu, theluji ikiwa bado haijaisha kwenye vivuli, Ilene alipakia majani makavu kwenye gari lake, na kahawa, na unga, akamchukua na Tanisha amsaidie. Kamera aliiacha nyumbani, kwa kuwa alijua mikono yake itakuwa na kazi. Walimkuta Roselyn zizini amepiga magoti, mikono imeloa mpaka kwenye viwiko, kondoo mmoja akihangaika mbele yake.

"Shangazi, afadhali umefika," akasema bila kugeuka. "Mshike kichwa."

Ilene akavua koti, akapiga magoti kwenye majani, akamshika.